Chai na Nafasi: Historia ya Starehe ya Kichina Isiyo na Haraka

Kuna dhana ambazo lugha mbili zisizojuana huzifikia kwa njia moja. Katika Kiswahili, neno *nafasi* hubeba maana zaidi ya moja. Ni pengo lililo baina ya vitu viwili, kama tunapomwambia mkulima aache nafasi kati ya mche na mche. Na ni wakati usiodaiwa na kazi, kama tunaposema "leo sina nafasi". Mahali patupu na wakati mtupu tumevipa jina moja. Wachina wa kale nao walifanya hivyo hivyo. Walichora lango lenye mbao mbili, na ndani ya lango wakauweka mwezi, yaani mwanga unaopenya katika ufa wa mlango wakati wa usiku. Alama hiyo moja ilisomwa kwa maana mbili: *jian*, yaani pengo, na *xian*, yaani raha ya mtu asiye na shughuli. Baadaye maana hizo zikagawana maandishi. Pengo likaandikwa kwa jua badala ya mwezi, na raha ikabaki na lango lake. Lakini asili yao ni moja: raha ni ufa ambao nuru hupitia.

Historia ya chai ya Kichina ina milango mingi. Yupo atakayeingia kwa mlango wa biashara, yupo atakayeingia kwa mlango wa kodi, na yupo atakayeingia kwa mlango wa vita vya kasumba na mashamba ya wakoloni. Makala haya yatapita katika ule ufa wa mwezi. Yatauliza namna mtu wa kawaida nchini China alivyoipata haki ya kuketi mbele ya kikombe, asubuhi au alasiri, bila ya kuulizwa anafanya nini pale. Haki hiyo haikuja bure, na zaidi ya mara moja ilinyang'anywa.

Neno lililosafiri kabla ya kinywaji

Tuanze na jina, maana wapenzi wa lugha hawawezi kulipita. Lugha nyingi za dunia huuita mmea huu kwa jina moja kati ya mawili, na yote mawili yametoka China. Wanaosema *cha* na jamaa zake waliipata chai kwa njia za bara, au kupitia Guangdong na Makau walikokuwa Wareno. Wanaosema *te*, *tea* au *thee* waliipata kupitia Waholanzi, waliofanya biashara na watu wa Fujian, ambao kwa lahaja yao ya Min husema *te*. Kwa hiyo Mwingereza na Mchina wa Beijing hutamka majina yanayoonekana kuwa ya mbali, kumbe ni ndugu wa baba mmoja waliolelewa katika nyumba mbili.

Kiswahili kimo katika ukoo wa *cha*. Neno letu *chai* lina ule mkia wa *-i* ambao Waajemi waliuongeza wakasema *chay*, na ambao Wahindi wanao pia. Ni jina lililopita nyikani na milimani, likafika katika lugha zinazoizunguka Bahari ya Hindi, hata likateremka katika pwani yetu. Mwenye kuagiza chai Mombasa au Unguja hutamka silabi ambayo mtawa wa China ya karne ya nane angeitambua.

Maandishi ya Kichina ya neno hilo nayo yana hadithi. Hapo kale alama iliyotumiwa ilikuwa *tu*, iliyotaja pia mboga chungu. Katika enzi ya Tang, mstari mmoja ukaondolewa katika alama hiyo, na chai ikapata herufi yake yenyewe. Tangu hapo watu hupenda kuisoma kama picha: juu majani, chini mti, na katikati mwanadamu. Wataalamu watasema usomaji huo si wa kisayansi, nao wana haki. Hata hivyo, taifa zima limeona kwamba ndani ya neno chai mna mtu aliyeketi kati ya nyasi na mti, na hilo nalo ni ushahidi wa namna linavyokifikiria kinywaji chake.

Yatima aliyeandika kitabu

Mtu aliyekipa kinywaji hiki heshima ya maandishi hakuwa mfalme wala mwana wa mfalme. Lu Yu alizaliwa mwaka 733 katika nchi ya Jingling, ambayo leo imo katika jimbo la Hubei. Alitupwa akiwa mtoto, akaokotwa na kulelewa na mtawa wa Kibuddha. Monasterini alifundishwa maandiko na kupika chai, lakini maisha ya utawa hayakumkaa. Akatoroka, akajiunga na kundi la waigizaji, akawa mchekeshaji jukwaani. Baadaye, kama walivyofanya wengi wakati wa maasi ya An Lushan yaliyoitikisa China kuanzia mwaka 755, akakimbilia kusini na kuishi upande wa Huzhou, akiwa rafiki wa mtawa mshairi Jiaoran. Ni huko alikoandika kitabu chake *Cha Jing*, yaani Msahafu wa Chai, chenye sura kumi.

Ni kitabu kifupi, lakini hakikuacha kitu. Kinaeleza mmea, zana za kuchumia, vyombo vya kupikia, maji, na maeneo yanayozaa chai nzuri na mbaya. Kuhusu maji, Lu Yu alitoa daraja ambazo Wachina huzirudia hata leo: ya mlimani ndiyo bora, ya mtoni yanafuata, ya kisimani ni ya mwisho. Kuhusu uchemshaji, alifundisha kuyatazama maji kama mtu atazamavyo uso wa mgeni. Kwanza hutoa vipovu vidogo kama macho ya samaki na kuanza kunong'ona. Kisha vipovu huandamana ukingoni mwa sufuria kama lulu zilizotungwa uzini. Mwisho mawimbi huinuka na kuvunjika. Na maji yakizidi hapo, yamezeeka, hayafai kunywewa.

Chai ya wakati huo haikuwa majani makavu tunayoyajua. Majani yalipikwa kwa mvuke, yakatwangwa, yakakandikwa kuwa vipande bapa na kukaushwa motoni. Mnywaji alikibanika kipande, akakisaga, kisha akaitia unga katika maji yachemkayo. Wengi waliongeza vitunguu, tangawizi, tende za Kichina, maganda ya machungwa na mnanaa. Lu Yu aliwakemea vikali: kwake mchuzi kama huo ulikuwa maji ya kumwagwa mtaroni. Yeye alikubali chumvi kidogo tu. Msomaji anayeipenda chai yake ya tangawizi asikasirike. Mzee huyu hakuonja ya kwetu.

Jambo kubwa katika kitabu hicho, kwa maoni yangu, si kanuni zake. Ni ile dhana kwamba tendo dogo la kila siku, la kuchemsha maji na kunywa, linastahili kuangaliwa kwa makini yote ya mtu. Kabla yake chai ilikuwa dawa, ilikuwa mboga, ilikuwa msaada wa watawa wa kukesha katika tafakuri. Baada yake ikawa namna ya kuutumia wakati.

Vikombe saba, na swali la mwisho

Serikali haikuchelewa kuiona raha hiyo. Mwaka 793 dola ya Tang iliweka kodi ya kudumu juu ya chai, sehemu moja kwa kumi. Majani bora kabisa yalipelekwa kwa mfalme kama ushuru wa heshima, na wachumaji walilazimika kupanda milima mapema wakati wa machipuko ili mzigo ufike ikulu kwa wakati.

Hapa ndipo anapoingia mshairi Lu Tong, aliyefariki mwaka 835. Alipelekewa zawadi ya chai mpya na afisa mmoja wa dola, naye akamshukuru kwa shairi ambalo Wachina wamelipenda kwa zaidi ya miaka elfu moja. Ndani yake anavihesabu vikombe alivyokunywa, kimoja baada ya kingine, hadi saba, na kila kimoja kinamtendea jambo: kinalainisha koo, kinaondoa upweke, kinatoa jasho la manung'uniko, mpaka anajiona yu karibu kuruka. Sehemu hiyo imeandikwa katika mabango, mabuli na vipepeo vya karatasi visivyo na idadi.

Lakini wengi wanaoitaja husahau inavyokwisha. Baada ya kikombe cha saba, mshairi aliye karibu kuruka anaangalia chini. Anawakumbuka watu wanaoteseka kwenye majabali ili jani lile lifike mezani, na anamuuliza afisa aliyempa zawadi iwapo watu hao watapata kupumzika siku moja. Shairi la raha linafungwa kwa swali la haki.

Nadhani hapo ndipo palipo na kiini cha jambo letu. Starehe ya kikombe inasimama juu ya mgongo wa mtu. Kuikana starehe hakumpunguzii mtu huyo mzigo. Kuinywa bila kumkumbuka kunamwongezea dhuluma. Lu Tong hakukimwaga kikombe chake. Alikinywa, kisha akauliza.

Wafalme wawili

Enzi ya Song iliyofuata iliipandisha chai hadi kilele cha ufundi. Unga wa chai ulitiwa bakulini, ukamiminiwa maji ya moto, ukapigwa kwa mchapo wa mianzi mpaka ukatoa povu jeupe. Mabakuli meusi ya tanuri za Jian, yenye michirizi kama manyoya ya sungura, yalipendwa kwa sababu povu lilionekana vyema juu ya weusi wake. Watu walishindana nani atatoa povu litakalodumu zaidi. Mfalme Huizong mwenyewe, mchoraji na bingwa wa hati, aliandika risala juu ya chai mwaka 1107. Katika miji ya Kaifeng na Hangzhou nyumba za chai zilijaa. Za fahari zilipambwa kwa maua ya msimu na picha za mabingwa.

Mwaka 1127 majeshi ya Wajurchen yaliiteka Kaifeng, Huizong akachukuliwa mateka, akafia uhamishoni kaskazini. Tangu hapo kila mwenye kuichukia starehe amepata hoja: tazameni mfalme aliyepiga povu huku ufalme ukipigwa. Hoja hiyo tutaikuta tena mbele, ikiwa imevaa nguo mpya.

Mfalme wa pili ni kinyume cha wa kwanza. Zhu Yuanzhang, mwanzilishi wa enzi ya Ming, alizaliwa katika familia ya wakulima fukara na aliwahi kuombaomba akiwa mtawa. Alijua njaa ilivyo. Mwaka 1391 aliamuru kwamba vile vipande vya chai vilivyokandikwa kwa kazi nyingi visitolewe tena kama ushuru wa mfalme, kwa kuwa vilikuwa vinawachosha watu. Majani matupu yangetosha.

Amri hiyo, iliyotolewa kwa ajili ya kupunguza kazi ya wachumaji, iligeuza namna taifa zima linavyokunywa. Kusaga kukakoma, kupiga povu kukakoma. Desturi ya unga na mchapo ilibaki ng'ambo, Japani, ambako watawa walikuwa wameipeleka mapema. China ikaanza kutia majani mazima katika chombo, kuyamiminia maji ya moto na kusubiri. Buli likapata umuhimu wake, hasa mabuli ya udongo wa Yixing. Na kwa kuwa njia mpya haikuhitaji jiwe la kusagia, mchapo wala mkono wa bingwa, ilimfaa yeyote mwenye moto, maji na jani. Raha ya watu wachache ikawa raha ya wengi. Jibu la swali la Lu Tong lilikuwa pungufu sana, lakini lilikuwa jibu, nalo lilitoka kwa mtu aliyewahi kuwa na njaa.

Midomo mitatu

Kusini mwa China, katika nchi ya Chaozhou upande wa mashariki ya Guangdong, raha hii ilichukua umbo dogo na la ndani. Huko huita majani ya chai "mchele wa chai", kana kwamba nyumba isiyo nayo haina chakula. Chombo ni kidogo kuliko ngumi, hujazwa majani ya chai ya oolong karibu mpaka juu, na maji ya moto hukaa ndani kwa muda mfupi tu kabla ya kumiminwa. Mmiminaji haijazi kikombe kimoja akaenda kwa kingine. Huzunguka, akigawa kidogo kidogo, ili ukali na ulaini viwafikie wote kwa usawa.

Vikombe kwa desturi ni vitatu, hata kama waliokaa ni wanne au watano. Mmoja hungoja, mwingine humkaribisha wa kando yake, kikombe husuuzwa kwa maji ya moto na kuzunguka tena. Wapenzi wa lugha watafurahi kujua kwamba vikombe hivyo vikipangwa pamoja hufanana na herufi *pin*, iliyoundwa kwa midomo mitatu, na maana yake ni kuonja kwa kuzingatia. Upungufu wa kikombe ndio unaofundisha adabu. Mtu hanywi tu. Anangoja, na katika kungoja kwake anamtazama mwenzake.

Guangzhou, mji mkuu wa jimbo hilohilo, una desturi nyingine, nayo inatugusa moja kwa moja. Kule, *yam cha*, yaani "kunywa chai", maana yake halisi ni kwenda kula cha asubuhi: buli la chai pamoja na vitafunio vidogo vya mvuke. Anayesema amekunywa chai amekula. Mswahili anayemuuliza mgeni wake "umeshakunywa chai?" haulizi habari za kimiminika, anauliza kama amefungua kinywa. Sidai kwamba mmoja alimwiga mwingine. Nasema tu kwamba mahali ambapo chai imeingia katika maisha ya watu kikweli, huacha kuwa kinywaji ikawa saa ya siku.

Chengdu: mji ulioketi

Lakini ukitaka kuiona starehe hii ikiwa barabarani, mchana kweupe, na ikiwa mali ya kila mtu, nenda Chengdu, mji mkuu wa Sichuan. Mwishoni mwa enzi ya Qing mji huo ulihesabiwa kuwa na mitaa 516 na nyumba za chai 454. Mwanahistoria Wang Di, mzaliwa wa mji huo, amezichunguza nyumba hizo kwa miaka mingi na kutuandikia vitabu viwili, kimoja kuhusu nusu ya kwanza ya karne ya ishirini na cha pili kuhusu nusu ya pili. Anayozisimulia si anasa. Ni mtaa wenyewe, uliopewa paa na viti vya mianzi.

Kwanza palikuwa na sababu za uhitaji. Maji ya visima vya Chengdu yalikuwa na ladha ya chumvi, hayafai kwa chai, hivyo wachukuzi waliteka maji ya mtoni nje ya kuta za mji, na nyumba za chai zikajitangaza kwamba zinatumia maji ya mto. Kuni nazo zilikuwa ghali. Familia nyingi za kimaskini hazikuwasha jiko asubuhi. Zilinunua maji ya moto katika nyumba ya chai, na hata dawa za mitishamba zilipelekwa huko zikachemshwe. Aliyeingia kunywa hakuwa mtu aliyekimbia maisha. Alikuwa ameingia mahali ambapo maisha yanachemshwa.

Chai ililetwa katika bakuli lenye kifuniko na kisahani. Wenyeji huviita vitu hivyo vitatu mbingu, mtu na ardhi: kifuniko juu, bakuli katikati, kisahani chini. Kifuniko hutumiwa kuyasogeza majani kando, na kikiegemezwa kwenye kisahani huwa ni ombi la maji bila ya neno. Mhudumu, aliyeitwa kwa heshima na kwa mzaha "msomi wa chai", hupita na birika la shaba lenye mdomo mrefu na kumimina kutoka mbali bila kumwagia mtu. Mnywaji alilipa bakuli moja akakaa kutwa. Maji hayakuwa na hesabu.

Kulikuwa na adabu zake. Mtu alipoingia, waliomjua walipaza sauti kutoka kila meza: "Chai yake nalipa mimi!" Kuitwa hivyo kulikuwa kipimo cha heshima, na kukataa au kukubali kulihitaji busara. Kulikuwa na wasimulizi wa hadithi, waimbaji, wasafisha masikio, wauza karanga, wasusi wa viatu vya majani. Wafanyabiashara walipatana bei hapo. Na lililo kubwa zaidi, mashauri yaliamuliwa hapo. Majirani waliogombana walikwenda kunywa chai ya maelezano mbele ya mzee anayeaminika. Kila upande ukanena, watu wakasikia, na aliyeonekana mkosaji akalipia chai ya wote. Mahakama ya serikali ilikuwa mbali na ghali. Bakuli la chai lilikuwa karibu.

Si kwamba yote yalikuwa mema. Kwa muda mrefu wanawake hawakuonekana kuwa na mahali pale, na walipoanza kuingia mwanzoni mwa karne ya ishirini walipingwa. Vikundi vya siri vilifanya makao humo, vikizungumza kwa namna ya kupanga vikombe mezani. Ugomvi wa maelezano mara nyingine uliisha kwa viti kurushwa. Nyumba ya chai ilikuwa na uzuri na ubaya wa watu wake.

"Mnafanya nini hapo?"

Wakuu hawakupendezwa. Tangu mwanzo wa karne ya ishirini, polisi na wapenda mageuzi waliziona nyumba za chai kuwa dalili ya nchi iliyolala. Zikatungwa kanuni juu ya michezo, juu ya wasimulizi, juu ya saa za kufunga. Vita dhidi ya Wajapani vilipoanza mwaka 1937 na serikali ikahamia Sichuan, wasomi waliotoka miji ya pwani walishangaa kuwakuta watu wa Chengdu wameketi na mabakuli yao huku nchi ikiungua. Lawama za Huizong zikarudi, safari hii juu ya kichwa cha mchukuzi na fundi cherehani. Watetezi wakajibu kwamba mtu wa kawaida hana klabu, hana sebule, hana bustani. Mkiifunga nyumba ya chai, mtampeleka wapi?

Mambo hayo Beijing nayo iliyajua, na mtu aliyeyaweka jukwaani ni Lao She. Tamthilia yake *Chaguan*, yaani Nyumba ya Chai, ilichapishwa mwaka 1957 na kuigizwa mwaka 1958. Ina maonyesho matatu, yote katika nyumba moja ya chai ya Beijing: la kwanza mwaka 1898, la pili katika zama za wababe wa vita, la tatu baada ya vita dhidi ya Wajapani kwisha. Mwenye nyumba, Wang Lifa, anajaribu kila hila ya kuendana na wakati. Ukutani mna kibandiko kinachowaonya wateja wasizungumze mambo ya dola, na kila onyesho likifika maandishi yake yamezidi kuwa makubwa. Vibandiko kama hivyo vilikuwepo kweli katika nyumba za chai. Mwandishi hakuhitaji hotuba. Ukubwa wa herufi ulitosha kumwambia mtazamaji jinsi pumzi za watu zilivyokuwa zikibanwa.

Agosti mwaka 1966, mwanzoni mwa Mapinduzi ya Kitamaduni, Lao She alipigwa na kudhalilishwa hadharani na vijana wa Walinzi Wekundu. Muda mfupi baadaye mwili wake ulikutwa katika ziwa la Taiping mjini Beijing. Miaka hiyohiyo nyumba za chai za Chengdu zilifungwa karibu zote. Starehe iliitwa uoza wa zamani. Bakuli lenye kifuniko likarudi majumbani, likanywewa kimya.

Lango lafunguliwa tena

Baada ya mageuzi ya mwaka 1978 viti vya mianzi vilianza kutoka tena nje, kwanza vichache, kisha kwa wingi. Leo mtu anaweza kukaa katika nyumba ya chai ya Heming, ndani ya Bustani ya Watu ya Chengdu, mahali palipoanza kazi hiyo katika miaka ya 1920, na kumwona mzee anayesafishwa masikio kando ya kijana anayeandika kwenye simu. Mwaka 2022 UNESCO iliziandika mbinu za jadi za kutengeneza chai za China, pamoja na desturi za kijamii zinazoambatana nazo, katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa wanadamu. Ni heshima inayostahili. Ila desturi huhifadhiwa na wanaoketi, si na wanaoandika orodha.

Na lugha, ambayo haidanganyiki kwa urahisi, inatuonyesha kwamba mashindano hayajaisha. Katika Kichina cha leo, mtu akisema "nimealikwa kunywa chai", huenda anamaanisha kwamba polisi wamemwita ahojiwe. Katika Kiswahili cha leo, afisa anapoomba "chai" haombi kinywaji, anaomba mlungula. Lugha mbili, zilizo mbali hivi, zimelishuhudia jambo moja: wenye nguvu wanapotaka kuficha tendo baya hulivika nguo ya tendo jema kuliko yote walijualo. Hawasemi "njoo tukutishe" wala "nipe rushwa". Husema chai. Neno hilo haliwezi kutumiwa kama pazia isipokuwa kwa sababu watu wameliamini.

Kwa hiyo kuitetea chai ni kutetea maana yake ya asili: kukaa na mtu bila hila. Lu Yu aliitetea kwa makini yake, Lu Tong kwa swali lake, mfalme aliyewahi kuomba kwa amri yake, watu wa Chengdu kwa kuendelea kukaa. Kiswahili nacho kina ushahidi wake, maana kwetu *kupumzika* na *pumzi* ni shina moja: apumzikaye ni arejeshaye pumzi yake. Asiyeruhusiwa kupumzika amenyimwa kitu kikubwa kuliko burudani.

Kwa desturi ya ukumbi huu, natia beti mbili, wenye kalamu wazijibu:

Maji yako birikani, yachemke polepole,
Na jani li bakulini, lifunguke lisilale,
Keti nasi barazani, shughuli ziache kule,
Mwenye nafasi moyoni, ndiye tajiri milele.

Kikombe ukikishika, kumbuka aliyechuma,
Mlimani alifika, jua halijamchoma,
Mikono ikachubuka, na mgongo ukauma,
Wewe ukipumzika, mtaje japo kwa wema.